Mbuzi Watatu wa Mukai

Kariokor siku ya soko ni kelele za nyundo na harufu ya ngozi na mpira, na husikilizani na mtu mpaka umkaribie. Ndivyo Mukai alivyojikuta uso kwa uso na Bedan, fundi wa akala, viatu vya matairi, kijana mwenye afro iliyochanwa ikachanuka na shati la kola ndefu, naye Mukai akirudia kwa sauti kwamba anataka namba tisa.

"Siste, hiyo namba tisa ni yako?" Bedan aliuliza, macho yakiteremka taratibu kwenye maksi yake ya maua, gauni refu hadi miguuni.

"Ni ya baba yangu."

"Basi yeye alete mguu wake. Wewe lete wako nikupimie bure."

"Mguu wangu unaenda chuo. Hauvai matairi."

Alikusudia kumkomesha, lakini kijana alicheka vizuri mno, naye akashindwa kujizuia. Yakaanzia hapo.

Ilikuwa mwaka wa themanini na moja, na Mukai alikuwa ameitwa chuo cha ualimu huko mbele ya Kisumu. Nafasi alikuwa nayo. Karo, godoro na sanduku hakuwa navyo. Baba yake, Mzee Kilonzo, alichonga twiga wa mti pale Gikomba, twiga waliopanda ndege kwenda Ulaya kila mwezi, na mwenyewe hakuwa na cha kumfikisha bintiye hata Nakuru. Ikabidi iitishwe harambee ya kumchangia katika holi ya Kaloleni, mwenyekiti akiwa mjomba wake, Maingi.

Jioni Bedan alipiga simu kutoka kibanda cha simu cha Bahati hadi dukani kwa jirani yao Roble, aliyekuwa akiita kwa sauti mtaa mzima usikie, "Mukai, simu! Posta wanakutaka."

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nikisikia sauti yako nimeshiba."

"Basi utakonda nikienda."

Bedan akaacha mzaha. "Ukienda huko utanisahau, Mukai."

Maneno hayo alilala nayo. Alimpenda Bedan mpaka kifua kikamuuma, na aliitaka ile chaki ya ualimu vilevile, na hakuona kwa nini achague.

Wiki ya harambee alirudi nyumbani akakuta mbuzi watatu wamefungwa kwenye bomba la mfereji, mama yake anapiga vigelegele na majirani wamejaa mlangoni. Bedan alikuwa amekuja na wenzake wawili wa kibandani, wakawaacha mbuzi, wakakataa hata chai kwa kuwa walikuwa na haraka ya kurudi kazini.

Kwa Wakamba kama wao, mbuzi watatu wakiletwa kwa wazazi wa msichana ni ntheo, ndiyo posa. Wakishapokelewa, msichana ana mwenyewe. Na Mzee Kilonzo alikuwa amewapokea kwa mikono miwili.

"Sasa harambee ya nini?" mjomba Maingi alisema, akijipangusa jasho. "Nani atachangia bibi ya mtu? Bwana yake amsomeshe."

Mukai aliingia ndani, akakaa kitandani bila kuvua viatu. Bedan hakuwa Mkamba, lakini alifanya kazi katikati ya Wakamba, angekosaje kujua? Alikuwa amemfunga, tena kwa kamba ya mbuzi. Roble aliita jioni ile na ya pili yake, Mukai asitoke. Alipotoka hatimaye, alishika simu kama anayeshika sufuria ya moto.

"Ungesema tu hutaki niende."

"Nani amesema sitaki? Dear, nimekukosea nini?"

"Mbuzi watatu, Bedan."

"Si ni wa harambee? Wa kunadiwa. Mmoja wangu, na kila jamaa wa kibanda akatoa wake. Sisi kwetu huwa tunaleta hivyo."

Mukai aliegemea kaunta ya Roble. Alimweleza yote, polepole, na hasira ikamtoka, akabaki na huzuni tupu.

"Nije niwachukue," Bedan alisema.

"Ukiwachukua umenikataa. Mbele ya wazee."

"Na nikiwaacha?"

"Siendi chuo."

Sarafu ilisikika ikidondoka ndani ya simu. "Nitakuja Jumamosi, kabla ya harambee," Bedan alisema.

Alikuja na koti lake la kahawia na viatu vya raizoni vyenye soli nene, kama mtu anayekwenda kuoa. Wazee walikuwa wameketi.

"Nimekuja kuchukua mbuzi, Mzee."

"Unajua unachosema, kijana?" Kilonzo aliuliza.

"Najua."

Mama alijifunika uso kwa leso. Mukai alijua ni jambo walilopatana kwa simu, hata hivyo neno lile lilimchoma, na alitamani akimbie amshike koti. Bedan hakumtazama. Aliwafungua mbuzi, akawaswaga barabarani moja kwa moja hadi holini, akawafunga mlangoni pa harambee na kuondoka.

Mzee Kilonzo alipofika holini aliwatazama mbuzi wale, akaelewa kwamba walikuwa mchango. Kisha akamwambia Maingi, "Anza kunadi na yule mweusi."

Karo ilitimia, na siku ya safari treni ya Kisumu ilikuwa ya jioni. Bedan alisimama chini ya dirisha la daraja la tatu, mikono mfukoni, na Mukai akamtazama kana kwamba anataka kumkariri.

"Ukimaliza chuo, nitaleta mbuzi wengine," Bedan alisema. "Sasa najua maana yake."

"Usilete."

Bedan alisawijika.

"Mara ile uliwapeleka kwa baba," Mukai alisema. "Mimi hakuna mtu aliniuliza. Niulize mimi kwanza, mbuzi baadaye."

Filimbi ililia. Bedan aliuliza akitembea kando ya behewa, kisha akikimbia, na Mukai akatoa kichwa nje kwenye moshi ili jibu limfikie.

"Nimalize kwanza," alisema. "Halafu ndio."