Kibali cha Madame Rachelle

Kila asubuhi Kyabu aliondoka nyumbani akiwa na mama yake, lakini shuleni alifika na mwalimu. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yao tangu alipoingia darasa la tano. Wakishavuka reli, neno "mama" lilibaki ng'ambo ile, na mbele yake alitembea Madame Rachelle, ambaye Kyabu alimwita Madame kama walivyomwita wenzake wote.

Kyabu aliipenda safari hiyo. Wanawake waliobeba muhogo kuelekea sokoni walimpisha mama yake njiani. Vijana wa pikipiki waliosubiri abiria karibu na kituo cha treni walivua kofia, kwa sababu wengi wao yeye ndiye aliyewafundisha kusoma. Mzee mmoja muuza karanga alimsalimia kwa Kiluba, "Wakomapo, Madame," naye Madame akamjibu kwa heshima. Kyabu alifuata nyuma shingo imenyooka, kana kwamba salamu zile zilikuwa zake pia.

Mwaka huo kibali cha Madame Rachelle cha kufundisha kilikaribia kwisha muda wake. Shule za parokia zao zilikuwa na utaratibu usiopindishwa. Kibali hakikufanywa upya kwa kuombaomba wala kwa kujuana na mkubwa. Mwalimu alitakiwa kutimiza saa za mafunzo, akae yeye mwenyewe kwenye benchi kama mwanafunzi, na mwishoni afundishe somo moja mbele ya mkufunzi. Asiyetimiza, darasa lake lilikabidhiwa mwingine mpaka atakapotimiza.

Basi kila Jumamosi, siku ambayo mjini kwao huitwa ya posho, mama yake Kyabu alijifunga kitenge kizuri akaenda kwenye ukumbi wa parokia. Huko walikutana walimu wa mjini na wengine waliotoka njia ya Kaniama, wamejaa vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Kyabu alibaki nyumbani kuchota maji, kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, na kumwangalia mdogo wake Béni. Hakulalamika. Kazi haikuwa ndiyo iliyomuumiza.

Kilichomuumiza ni maneno ya Djo. Djo alikuwa wa darasa lake, mtoto mwenye akili nyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Siku moja walikutana bombani, foleni ikiwa ndefu na watu wakisikiliza.

"Weye Kyabu," akasema, "mama yako iko anarudia masomo kila siku ya posho. Njo kusema hajui kazi yake?"

Watoto wakacheka. Kyabu alijitwika ndoo yake haraka, nusu ya maji ikamwagikia mgongoni, akaenda nyumbani akiwa amelowa na macho yakimwasha.

Jioni, walipokuwa wanakula bukari, ugali wao wa kila siku, na sombe, alimuuliza mama yake wanamfundisha nini huko, yeye ambaye tayari ni mwalimu. Alitumaini mama atasema hakuna jipya, ni kutimiza sheria tu. Mama akamweleza ukweli. Alisema kwa miaka mingi amewafundisha watoto hesabu za sehemu kwa kuwakaririsha. Walifaulu mtihani, wakasahau kabla mvua za kwanza hazijanyesha. Jumamosi iliyopita mkufunzi alimtaka aeleze kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo, bila kutaja kanuni yoyote. Alisimama mbele ya wenzake, na maneno hayakuja.

Kyabu alitazama sahani yake. Alitamani mama yake asiyaseme mambo hayo kwa sauti, tena mbele ya baba. Lakini baba yake, Amédée, fundi wa karakana ya reli, hakushangaa hata kidogo. Alisema hata kichwa cha treni hufunguliwa kikakaguliwa wakati bado kinaweza kuvuta mabehewa. Ukingoja mpaka kisimame porini, umechelewa. Kisha akaomba aongezewe sombe.

Mafunzo yakaendelea, na hatimaye ikabaki saa ya mwisho tu, ile ya kufundisha mbele ya mkufunzi. Somo lenyewe lilikuwa la sehemu, na darasa lilikuwa la tano, darasa la Kyabu. Wiki nzima mama yake alijizoeza uani akiwa anachochea makaa. Aliuliza maswali kwa sauti, akajijibu mwenyewe, na wanafunzi wake walikuwa Béni na kuku. Nusu ya nusu inaitwaje? Robo. Robo ngapi zinajaza kitu kizima? Nne. Kyabu, akichambua mboga pembeni, aliyashika maswali yote kwa mpangilio wake.

Aliona pia kwamba mama yake hakuwa na amani. Alisahau chumvi kwenye chungu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kyabu akawaza: darasa likikosea mbele ya mkufunzi, watasema Madame hajui. Watampa mtu mwingine darasa, na Djo atapata la kusema mpaka mwisho wa mwaka. Wazo likamjia, naye hakulipima mara mbili.

Wakati wa mapumziko aliwakusanya wenzake nyuma ya ukuta wa kanisa. Akawapa maswali na majibu yake, moja baada ya jingine, akawarudisha mwanzo mpaka wakayasema bila kukwama. Alidhani Djo atabisha, kumbe Djo ndiye aliyewasimamia wenzake kwa ukali kuliko wote. Alimpenda Madame kama wote walivyompenda. Alimwambia Kyabu kwamba kesho mkufunzi ataondoka ameshika mdomo.

Kesho yake mkufunzi alifika mapema. Aliitwa Bwana Nkashama, mtu mrefu, mpole, asiyesema sana. Alikataa kiti alicholetewa akaketi nyuma kwenye benchi la wanafunzi, magoti yakiwa karibu na kidevu. Madame Rachelle aliwasalimia wanafunzi, akaandika kichwa cha somo ubaoni, akauliza swali la kwanza.

Mikono yote ikapanda. Jibu likatoka safi. Akauliza la pili, mikono ikapanda kabla hajalimaliza. Kwa swali la tatu, msichana wa benchi la mbele alijibu wakati Madame bado anavuta pumzi ya kuuliza.

Madame aliwatazama benchi kwa benchi, na macho yake yakatua kwa binti yake yakakaa hapo kidogo. Kisha akafuta ubao. Akaandika sehemu mbili, theluthi moja na robo moja, akauliza ipi ni kubwa.

Swali hilo halikuwa kwenye yale ya nyuma ya ukuta. Mwishowe Djo alisimama akasema robo ni kubwa, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko tatu, na vichwa vingi vikatikisika kumkubali. Nyuma, Bwana Nkashama alikuwa anaandika.

"Ni nani ambaye hana hakika?" Madame akauliza. "Asiyeelewa anyooshe mkono. Hakuna atakayechekwa hapa."

Hakuna aliyenyoosha. Nani angemwaibisha Madame mbele ya mgeni? Kyabu aliisikia kalamu ya mkufunzi ikikwaruza karatasi. Yeye naye hakujua jibu. Alikuwa amekariri yale mengine kama wote, na sasa aliona wazi alichokifanya. Alimzibia mama yake njia. Mama yake amejifunza namna ya kuwafikisha wasioelewa, lakini mbele yake wameketi watu wanaojifanya wameelewa. Atamfundisha nani?

Mkono wake ukapanda, mzito kama umefungiwa jiwe.

"Madame, mimi sielewi," akasema. "Tena yale majibu ya kwanza, ni mimi niliyewapa wenzangu. Nilikusikia ukijizoeza. Madame hakujua."

Kalamu ya nyuma ikatulia. Kyabu hakuthubutu kugeuka. Alimtazama mama yake tu, akingoja hasira, au machozi, na hakujua kipi kingekuwa kibaya zaidi.

Madame Rachelle aliiweka chaki mezani.

"Asante, Kyabu," akasema. "Kaa. Sasa ndiyo tunaanza somo."

Akawatoa nje wote. Nyuma ya darasa kulikuwa na bustani ya shule, mahindi yamekwisha vunwa na mabua yamekauka. Aliwagawa katika makundi, akawaambia kila kundi litafute mabua mawili na kuyakata yalingane urefu. Bua moja wagawane watu watatu. La pili wagawane watu wanne. Kila mtu apate sawa na mwenzake, asipunjwe mtu. Hakuwaambia zaidi ya hapo.

Ikawa kelele. Kundi la Djo lilivunja bua ovyo, kipande kimoja kikawa kama fimbo na kingine kama kidole, wakaanza kugombana. Madame hakuwasahihisha. Aliwauliza tu kama hao watatu wamepata sawa. Wakatafuta bua jingine, wakapima kwa uzi, wakakata upya. Kyabu alikuwa kwenye kundi la jirani. Alishika kipande cha watu watatu mkono mmoja, cha watu wanne mkono mwingine, akavisimamisha pamoja juu ya kiganja. Akaona. Mara hii hakuwa na haja ya kukariri kitu, kwa sababu kipande kimoja kilikipita kingine, basi. Akajikuta anacheka peke yake.

Lakini aliyesema kwa sauti ni Djo. Alikuwa amechuchumaa juu ya vipande vyake, paji la uso limekunjamana.

"Madame, nilikosea," akasema polepole. "Walaji wakiwa wengi, kipande kinakuwa kidogo. Robo iko ya watu wanne, njo maana theluthi inaipita."

Madame akamwuliza je, wakigawana watu watano? Kabla Djo hajajibu, mtoto mmoja ambaye kwa kawaida hafungui mdomo darasani alisema kitapungua tena, akakimbia kutafuta bua la kuthibitishia. Bwana Nkashama alikuwa ametoka nje. Alisimama kati ya mabua, suruali imejaa vumbi la majani makavu, na kalamu alikuwa ameirudisha mfukoni.

Waliporudi ndani aliomba ruhusa ya kusema. Alimshukuru Madame, kisha akawageukia wanafunzi.

"Mikono yote ilipopanda kabla swali halijaisha, nilijua kuna jambo," akasema. "Nilikuwa tayari kuandika kwamba saa hii haihesabiki. Somo la kuigiza si somo. Mlitaka kumwokoa mwalimu wenu, na mlikuwa mnamzamisha. Aliyemwokoa ni yule aliyesema sielewi."

Akaongeza kwamba saa ya mwisho ya Madame Rachelle imekubaliwa, na kwamba angependa walimu wenzake wasikie jinsi alivyoliacha somo alilojizoeza wiki nzima akafundisha lile lililohitajika.

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu siku hiyo. Hata baada ya kuvuka reli Kyabu hakujua aanze na "Madame" au "Mama". Mwishowe aliomba radhi tu, bila kumwita jina lolote. Mama yake hakumwachia kirahisi. Alimwambia kosa ni kosa hata likifanywa kwa upendo, na kesho atasimama mbele ya wenzake awaombe radhi kwa kuwaingiza katika udanganyifu. Kyabu akakubali. Kesho yake akasimama, akaomba. Djo naye akasimama bila kuitwa, akasema yeye ndiye aliyewakazania wenzake, na kwamba yale maneno ya bombani anayafuta. Kisha akaketi haraka akijifanya anatafuta kalamu yake.

Siku ya kutolewa vibali, ukumbi wa parokia ulijaa. Baba Amédée alikuja amevaa shati jeupe, mafuta ya karakana bado yako kwenye kucha. Béni alipandishwa mabegani. Jina la mama yake lilipoitwa, darasa la tano lililojibana madirishani lilipiga vigelegele mpaka padri akalazimika kungoja. Madame Rachelle alipita mbele, akapokea kibali chake kwa mikono miwili, na Kyabu akahisi kifua chake ni kidogo mno kwa furaha iliyokijaa. Mama yake alirudi shule, akakosea mbele za watu, akajifunza, na sasa hakuna mtu ukumbini aliyemwona mdogo.

Baadaye, watu walipotawanyika, Kyabu aliomba akishike kibali. Alisoma jina taratibu, akapitisha kidole juu ya muhuri.

"Mama, sasa umemaliza?" akauliza.

"Kibali hiki kina muda wake, na muda ukifika nitaanza tena," mama akasema. "Hata kama sheria isingekuwepo, ningeanza. Mtoto anayekuja mwaka kesho si yule wa mwaka jana, na mimi siwezi kumpa kilichochacha." Akamwekea mkono begani. "Wewe siku nyingine ukitaka kunisaidia, mwanangu, usinisaidie kuonekana najua. Nisaidie kujua. Anayesema sielewi ameshaanza kuelewa, na anayejifanya anajua amejifungia mlango mwenyewe, hata akiwa mwalimu."