Waya Wenye Ncha za Dhahabu

Kila Jumamosi, Boke akishachota maji na kumfunga mbuzi wake malishoni, alikwenda kanisani Kemambo kwenye mazoezi ya kwaya ya watoto. Mbuzi huyo alipewa na bibi yake, ili uzao wake umsaidie kusoma sekondari.

Kwaya ilikuwa imealikwa kuimba katika kanisa la Morotonga, lakini muziki wa kusindikiza nyimbo, uliotoka kwenye kompyuta ya kwaya, ulikwaruza kwenye spika. Boke alimweleza Heche, mtoto wa baba yake mkubwa. Miaka hiyo vijana wengi walikuwa kwenye mashimo ya dhahabu, na Heche alikuwa mmoja wao. Boke alimpenda sana, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

"Shida ni waya unaotoka kwenye kompyuta," Heche alisema. "Mimi ninao wenye ncha za dhahabu. Sauti inapita laini kabisa. Nipe yule mbuzi, tubadilishane."

"Kweli, kaka?"

"Wewe nikudanganye kwa nini?"

Boke akamtoa mbuzi.

Waya ulipochomekwa, watoto walisema sauti imekuwa tamu. Hata Boke aliisikia hivyo. Mwalimu Elieth, kiongozi wa kwaya, hakuridhika.

"Hapa kwetu mnunuzi hachukui punje ya dhahabu kabla ya kuipima," alisema. "Na waya huu tuupime."

Alifunika kompyuta kwa kitenge, akaupiga wimbo mara kadhaa, akibadilisha nyaya bila mtu kuona. Aliwaambia wanyooshe mkono wakiusikia waya mpya. Mikono ilinyooshwa ovyo ovyo. Heche naye, aliyekuja kutazama, alinyoosha wake kwa kujiamini. Mwalimu akafunua kitenge. Uliokuwa umechomekwa ni waya wa zamani.

"Kompyuta huugeuza muziki kuwa namba, na waya wa namna hii unapitisha namba hizo," Mwalimu alieleza. "Namba zikifika zote, sauti ni ileile, ncha ziwe za dhahabu au za bati. Zikipotea, sauti inakatika. Kukwaruza kwetu kunatoka kwingine."

Alifungua spika, akakuta karatasi ya ndani, ile inayotikisika kutoa sauti, imechanika. Waliiunga kwa gundi, na ilipokauka wimbo ukatoka safi kwa waya uleule wa zamani. Watoto wakashangilia. Boke hakushangilia.

"Kaka, ulikuwa unajua?"

Heche alitazama chini. "Aliyeniuzia aliniambia ni urembo tu."

Boke aliumia moyoni kuliko siku alipoanguka na baiskeli. "Ungeniomba tu yule mbuzi, ningekupa," alisema, akaondoka akilia.

Jioni ileile baba yake Boke, mzee Tomaso, alimwita Heche. Heche alifika na mbuzi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbuzi umemrudisha leo, ni vizuri. Lakini mdogo wako hatakuamini leo, na kwa hilo hakuna wa kulaumiwa ila wewe. Uongo umekugharimu kitu ambacho huwezi kukichimba shimoni." Kisha akamgeukia Boke. "Na wewe, mwanangu, ukiambiwa kitu ni kizuri, kipime kwanza, hata kama anayekwambia ni ndugu."

Heche aliomba amfunge mbuzi. Boke alimpa kamba. Alipomaliza, Boke aliinama akalikagua fundo mwenyewe.