Hodi ya Kanisa la Mbao

Jumamosi ile nilikuwa nafua mashuka ya mama mkwe hapa Ilembo. Ulikuwa mwezi wa nne yuko kitandani, na mgongo wangu ulikuwa umekwisha. Mume wangu Egide, mpiga picha za harusi, alikuwa anafunga begi la kamera kwenye pikipiki. Kanisa la mbao la Mwamkulu lilikuwa libomolewe Jumatatu, lijengwe la tofali. Mbao zake zote alizipasua marehemu baba yake, mzee Venant, na mama alitaka kuliona benchi la mumewe, hata kwenye picha, kabla hajafa. Ombi lake lilikuwa hilo tu.

"Piga hodi kabla ya kuingia," mama akamwambia. "Na ukiwa ndani, ukisikia hodi, usiitike."

"Sawa mama," akajibu, anatafuta ufunguo. Hakusikiliza. Egide akichoka huwa hasikii kitu, na wiki ile alikuwa ametoka kwenye sherehe mbili za sendofu mfululizo.

Saa nane mchana alikuwa ndani. Alipiga picha nguzo, kenchi za paa, madirisha, mpaka alama za patasi ya baba yake. Kanisa zima kimya. Akainama apige benchi.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni.

Macho yake yalikuwa kwenye kamera. "Karibu," akaitika, kama tunavyoitika wote bila kufikiri.

Hakuingia mtu. Lakini benchi lililia, kama linavyolia mtu mzito akikaa.

Alirudi mbio, helmeti kaisahau huko. "Aline," akaninong'oneza, "nimeitika." Nikamtukana, Mungu anisamehe. Mtu mzima unaambiwa jambo moja tu, linakushinda!

Tukamwonyesha mama picha. Mimi na Egide tuliona benchi tupu. Mama aligusa kioo cha kamera kwa kidole, akatabasamu.

"Amekonda," akasema.

Jumapili mchana, tumetoka kanisani, tumekaa sebuleni. Mlango wazi, jua kali, uani hakuna mtu.

"Hodi."

Egide akaniziba mdomo. Hodi ya pili. Ya tatu.

Mama akaitika kutoka chumbani, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia tangu augue: "Karibu, Baba Egide. Nimechoka kukusubiri."

Tulipoingia alikuwa ameshakata roho. Kwenye stuli kando ya kitanda kulikuwa na unga wa mbao ya mninga, mbichi, kama umetoka kwenye msumeno sasa hivi.

Tulizika Jumanne. Nikasema basi, mzee kamchukua mkewe, yameisha. Yameisha wapi! Kila asubuhi nafagia unga kwenye stuli ile, na kesho yake upo tena. Nimechoka jamani. Mgeni akiondoka huaga, na hapa hakuna aliyeaga. Tena wa kwanza kumkaribisha hakuwa mama.

Leo stuli sikuikuta chumbani kwa mama. Nimeikuta chumbani kwetu, upande anaolala Egide.