Upande wa Kushoto wa Silvano

Siku ya soko pale Soni, Beatha alikuwa ameinama anapanga karoti, gauni lake la njano likiwaka juani. Kijana mmoja akajikwaa kwenye fungu, karoti zikatawanyika.

"Kaka, huna macho?"

"Ninayo mawili, dada, na yote yalikuwa kwako."

Kijana alikuwa na maneno huyo! Aliitwa Silvano, fundi seremala wa Irente. Haukupita muda wakawa wanaitana mpenzi kwenye simu kila jioni, na posa ikawa njiani.

Kisha mzee Kristian, baba yake Beatha, akapishana na Silvano stendi, mabega karibu yagusane. Silvano akapita kimya, shikamoo hakuna. Milimani kule hilo ni tusi.

"Asiyeniamkia leo, akishaoa atanijali?" mzee alifoka. "Posa yake sitaki kuisikia!"

Beatha akapiga simu. "Silvano, baba amekukosea nini?"

"Sikumwona, mpenzi."

"Baba yangu alivyo mrefu?"

"Niache tu, Beatha. Tafuta mwanaume mzima." Simu ikakatwa.

Beatha alilia, kisha akapandwa na hasira, akamfuata karakana. Silvano alikuwa anapiga randa. Beatha akasimama kushoto kwake, karibu kabisa, lakini Silvano hakugeuka.

"Silvano!"

Akashtuka, akazungusha kichwa kizima ndipo akamwona. Beatha akamtazama machoni.

"Jicho hili limezimika," Silvano alisema taratibu. "Niliamka tu asubuhi nikakuta giza. Daktari anasema mshipa wa damu umeziba kwenye retina, kule nyuma ya jicho. Kumbe nilikuwa na presha, wala sikujua. Niliogopa utanikimbia."

"Mjinga wewe!" Beatha alimkumbatia na vumbi lake la mbao. "Na la kulia?"

"Linaona vizuri. Dawa za presha nameza. Namshukuru Mungu, mpenzi, maana bila jicho hili ile presha ingeniua kimyakimya."

Jumapili Silvano alifika Mgwashi kwa kina Beatha, shati jeupe limenyooka.

"Shikamoo, baba. Nisamehe, siku ile sikukuona." Akaeleza yote.

"Marahaba, mwanangu." Mzee Kristian aliona aibu. Kisha akamwita binti yake aliyekuwa mlangoni.

"Beatha, lete kigoda chako ukae hapa kushoto kwake. Huku ndiko anakohitaji mtu."

Beatha akaketi, akamshika Silvano mkono mbele ya baba yake, na hakuna aliyemkataza.