Kandambili za Friji

Nyumbani kwa seremala, mbele ya friji, palikaa kandambili zisizo na mwenyewe. Aliyetaka maji baridi alizivaa kwanza, akafungua mlango, akachukua maji, akaziacha palepale. Friji lile lilikuwa linauma. Ukiligusa miguu mitupu, lilikutekenya vidole. Wenye nyumba walishalizoea. Hata wageni waliambiwa kwa kicheko, "Karibu maji, lakini vaa kandambili!"

Asiyecheka alikuwa mke wa seremala. Alifanya kazi kiwanda cha sabuni, na huko walifundishwa habari za umeme.

"Mume wangu, umeme hauzoeleki," alisema. "Tumwite fundi."

"Friji linagandisha, haligandishi?" seremala alimjibu. "Sasa fundi aje kutengeneza nini?"

Mama yake seremala akadakia, "Mwache Bi Tahadhari wetu! Huyu hata uji uliopoa anaupuliza." Walicheka wote, maana mama na mkwe wake walipendana sana.

Jumamosi moja mama alikuwa anafua uani. Kiu ikamshika. Akaingia ndani miguu mitupu, mikono inachuruzika maji. Kandambili akazisahau.

Seremala alisikia mtu anakoroma kama anayekabwa. Alipotoka chumbani, alimkuta mama yake amekakamaa, mkono umenasa kwenye mlango wa friji.

"Mama!" Akaruka kwenda kumvuta.

"Usimguse!" Mkewe alimpiga kikumbo, nusura aanguke. "Ukimshika utanasa na wewe!"

Mke akakimbilia ukutani, akazima swichi kuu. Redio ikanyamaza. Mama akaanguka sakafuni.

Siku zote seremala alijiona nguzo ya nyumba, kumbe leo hajui hata mikono aiweke wapi. Mkewe alijua. Alimwita mama na kumtikisa mabega. Kimya. Akamtazama kifua. Hakipandi, hakishuki.

"Piga simu, ita gari la wagonjwa! Kisha uje hapa."

Akapiga magoti. Akaweka kiganja katikati ya kifua cha mama, na cha pili juu yake. Akanyoosha mikono, akaanza kukandamiza kwa nguvu na kwa haraka, karibu mara mbili kila sekunde. Kila akibonyeza, alikiacha kifua kipande tena.

"Utamvunja mbavu!" seremala alilia.

"Mbavu zitaunga. Nikichoka, pokea. Tusiache!"

Walipokezana. Jirani mmoja akaja mbio na kikombe cha maji. "Asinyweshwe kitu," mke alisema bila kugeuka. "Maji yatampalia."

Mama akakohoa. Akavuta pumzi, kisha nyingine. Wakamlaza ubavu, na seremala akalia mbele za watu bila haya.

Gari lilipofika, mama alinong'ona, "Niacheni, nimepona."

"Twende tu, Mama," mkwe alimbembeleza. "Umeme huumiza ndani kusikoonekana. Lazima moyo wako upimwe."

Hospitalini muuguzi aliuliza, "Nani alianza kumkandamiza kifua?" Seremala akamwonyesha mkewe, kidevu juu, kwa fahari ya bwana harusi. "Huyo ndiye aliyemrudisha," muuguzi alisema.

Kesho yake fundi umeme aliitwa. Akaishika plagi ya friji, akaigeuza. "Nani aling'oa mguu wa tatu?"

"Mimi," seremala alisema. "Haukuingia kwenye soketi."

"Huu ndio unaopeleka ardhini umeme ukivuja. Ukiung'oa, umeme hupita mwilini mwa mtu. Kandambili si kinga."

Fundi akaziba palipovuja kwenye friji. Akafunga plagi mpya, soketi ya matundu matatu yenye waya wake wa ardhini, na swichi inayojizima yenyewe umeme ukivuja. Mke akamwonyesha kila mtu wa nyumba ile namna ya kuzima swichi kuu. Kandambili zikatupwa.

Siku moja yule jirani alikuja kumjulia mama hali. Katika maongezi akasema, "Hata pasi yangu siku hizi inanitekenya kidogo."

Seremala akafungua mdomo, lakini mama yake alishasimama.

"Inakutekenya? Nenda sasa hivi ukazime soketi, uichomoe, umwite fundi! Na ukiona mtu amenaswa, usimshike. Zima umeme kwanza!"

Jirani akacheka. "Mama, na wewe umekuwa Bi Tahadhari?"

"Mimi bado najifunza," mama alisema, akamshika mkwe wake mkono. "Bi Tahadhari ni huyu. Nisingekuwa naye, leo ungekuja kunizika."