Paneli ya Nne

Paneli ya nne ilikuwa na kivuli, na kivuli chenyewe hakikuonekana.

Mita ndiyo iliyosema. Jua la saa sita lilikuwa utosini, na fundi alikuwa juu ya bati la nyumba yake akizipima paneli za sola moja moja. Volti zilikuwa sawa zote. Ampea, tatu za kwanza zilitoa nane nane. Ya nne, mbili. Volti nzima, ampea chini: hicho ni kivuli au uchafu. Akaifuta. Mbili.

"Fundi wa wenzio, kwako giza!" mkewe alimtania kutoka uani, mtoto wao wa mwaka mmoja kiunoni.

"Subiri, mama. Nakamata mwizi."

Akaifungua ya nne, akaisogeza hatua mbili. Nane! Akaweka ya tatu mahali pake. Mbili. Kumbe paneli nzima, mahali ndipo pagonjwa. Akapagusa. Bati lote liliunguza, lakini pale palikuwa baridi kama mtungi, na pakanuka udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Mke wangu," alinong'ona, "kuna kitu kimekaa hapa."

"Kitu gani? Paka?"

Akapima tena. Nane. Akashusha pumzi. Fundi huamini mita, na mita ilimwambia kimeondoka. Haikumwambia kimehamia wapi.

Baridi ikaanzia visigino, ikampanda magoti, kiuno, mgongo, ikamkalia mabegani kama gunia la mchanga uliolowa, naye akataka kuita lakini ulimi ukawa mzito, akataka kuinua mguu lakini mguu ukawa si wake, na jua lile lile lililokuwa likiwaka juu ya paneli zote halikumfikia hata kidogo.

Chini, mtu alitua. Kisha fundi akasikia sauti yake mwenyewe.

"Nimemaliza."

"Mbona umeshuka kimya hivyo?" mkewe akauliza. "Yuu, na mikono ilivyo baridi!"

"Nipe mtoto, upumzike."

Fundi akapiga kelele kwa nguvu zake zote. Haikutoka hata pumzi. Ngazi ikakwaruza ukuta, ikaondolewa.

Mtoto akaanza kulia, kidole kikielekea juu ya bati.

"Baba! Baba!"

"We naye," mama akatazama batini, asione mtu, akacheka, "baba si huyu hapa aliyekubeba?"

Mlango ukafungwa kwa ndani.