Barabara Ilivyopindishwa kwa Kina Mwambire

Walikumbana soko la Malindi, kwenye mafungu ya mchicha, Nyevu kajitanda kanga ya manjano, Mwambire kavaa shati jeupe la ofisini Kilifi. Watu wanapita na vikapu, wao wamesimama tu.

"Nyevu, mpenzi, mbona hushiki simu?"

"Nishike nikwambie nini? Baba yangu umempitishia barabara kifuani!"

Na kweli. Mwambire ndiye msanifu aliyechora ramani ya barabara mpya ya mtaa wao wa mabanda, huko nyuma ya Barani, akitumia picha zilizopigwa kutoka juu. Kaburi la Mzee Sanga, baba yake Nyevu, liko uani kama ilivyo ada ya Wagiriama, halina saruji wala msalaba, ni mchanga uliofagiwa. Kwenye picha likaonekana kiwanja kitupu, naye akapitisha barabara juu yake.

"Nilikosa, roho yangu. Ningekuja..."

"Usijisumbue. Barabara nimeshaihamisha."

Nyevu akacheka, cheko la kumchoma mtu. Yeye yumo kwenye kamati ya wakazi. Kikaoni, Mwambire hayupo, alishika kalamu akaipindisha barabara ile mpaka nyumba ya mawe ya mamake Mwambire, mtaani humo humo, ikapita katikati ya jiko. Wenzake, hasira zimewajaa, wakapitisha. Na alie, alijiambia, alie kama nilivyolia mimi! Sasa alimkodolea macho, ana hamu ya kuuona uso ule ukisawijika.

"Najua," Mwambire akasema. "Asubuhi nimeitia sahihi."

"Umetia sahihi mamako avunjiwe? Una wazimu?"

"Nyumba nitajenga nyingine. Mzee Sanga nitamhamishia wapi?"

Nyevu akanywea. Kisasi alichokilea wiki nzima kilimgeukia kikawa aibu, na aibu ile ikamtoa machozi pale pale sokoni. Simu ya Mwambire ikalia. Akaitazama, ni mamake, akampa Nyevu.

"Shikamoo, mama," Nyevu akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Nyevu, jiko langu umelivunja?"

"Nisamehe, mama. Hasira..."

"Sikusamehi ng'o! Vyungu nimeshafunga, nahamia kwenu leo. Utanipikia wewe mpaka nife."

"Lakini mama, mimi hata sijaolewa kwenu."

"Wazee wako njiani na kadzama, mtungi wa tembo la mnazi, wanakuja kukuposa. Wewe ulidhani kisasi unakijua peke yako?"